Fimbo Niliyoikata kwa Futi ya Suruali

Yusufu mwanangu,

Salamu utazipata kwa mdomo kesho asubuhi pale kwenye gari, mbele ya watu, kwa ile sauti yangu kubwa unayoijua. Karatasi hii ni ya mambo ambayo sauti yangu kubwa haiyawezi. Ndiyo maana utaikuta Muyinga, si hapa Gitega. Nitamwambia dereva, na wewe nitakuambia: mfuko wa fimbo usifunguliwe mpaka ufike kwa mama yako, ule, unawe mikono, ndipo uvute uzi upande wa bitana. Nimeshikiza kwa mishono mikubwa. Ukivuta kwa kucha inaachia yote. Mimi ndiye niliyekufundisha mishono hiyo, na mama yako atakupa mkasi ukishindwa, lakini hutashindwa.

Mambo ya sweta, sabuni, karatasi za kupitia mpaka wa Kobero na nani wa kumsalimia ukifika Tanzania sitayaandika. Mama Zaina wangu amekwisha kukuimbia hayo tangu Jumatatu mpaka hata mtoto wa jirani anayajua.

Naogopa, Yusufu. Ngoja niliandike tena nilione vizuri: naogopa. Mimi Saidi fundi cherehani wa mtaa wa Nyamugari, niliyemfukuza chui kule Gishubi kwa mkasi wa kukatia vitambaa (na alikuwa chui mkubwa, usisikilize wanaosema alikuwa mbwa), naogopa na bado jua halijazama. Nimeharibu karatasi mbili. Mteja amekuja kuchukua suruali yake nikampa ya mtu mwingine, akaenda nayo.

Unakumbuka siku ulipotusomea barua ya wale watu wa gofu wa Arusha? Ulisimama mlangoni mwa duka, ukasoma kama unasoma habari za redio. Majaribio siku tatu. Atakayefaa anabaki, anafundishwa, anakuwa msaidizi wa mwalimu. Halafu ukafika pale pa pateri. Papa Bahati, yule jirani yetu Mkongo wa vitenge, akakukatiza: "Pateri iko nini?" Ukamweleza kwa adabu kwamba ni ile fimbo fupi ya mwisho, ya kuusukuma mpira taratibu juu ya nyasi mpaka uingie shimoni. Ukaendelea kusoma: siku ya kwanza kila kijana atapimwa na mtaalamu ili atengenezewe pateri inayolingana na mwili wake, isipokuwa wale ambao zao zimekwisha kupimwa.

Ukacheka. Ukasema, "Mjomba, hapo mimi nimepita. Yangu imepimwa zamani, na mtaalamu wa Bujumbura."

Mama Zaina alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho akanitazama. Unamjua akitazama. Mimi nikakanyaga cherehani, nikasema bila kuinua kichwa, "Waandikie wazi, wasije wakakusumbua." Ukawaandikia siku ileile.

Mwanangu, yule mtaalamu wa Bujumbura hakuwahi kuzaliwa. Yule mwenye miwani ya dhahabu, mwenye mbwa mweupe anayeokota mipira, niliyekusimulia kwamba alikunja uso akaangalia karatasi ya vipimo vyako akasema "huyu mtoto atafika mbali". Hayupo. Hakuna miwani, hakuna mbwa. Aliyepima fimbo yako ni mimi, kwa futi ileile ninayopimia suruali, wiki ile ya Idi.

Nitakuambia ilivyokuwa, na safari hii sitaongeza chumvi.

Nilipokuwa kijana Muyinga, nilifanya kazi kwa Mzungu mmoja wa kahawa. Alikuwa amechimba mashimo manne kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, anacheza peke yake kila jioni kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Nimewaambia Nyamugari nzima kwamba nilicheza naye nikamshinda mpaka akalia. Nilimbebea mfuko. Basi. Mpira niliupiga mmoja tu, siku alipoingia ndani kupokea simu, na ule mpira ulivuka ua, ukavuka barabara, ukaanguka kwenye chungu cha maharagwe cha mama mmoja, akaupika saa nzima akidhani ni yai la bata. Hilo ni kweli. Hapo sirudi nyuma hata nikiwa kaburini.

Mzungu alipoondoka aliniachia fimbo ile moja. Ikakaa miaka nyuma ya mabunda ya vitambaa. Wewe ulipoletwa hapa na mama yako, mwembamba, husemi na mtu, ndicho kitu cha kwanza ulichokigusa dukani. Si pipi aliyokupa Mama Zaina. Fimbo. Ukaushika ule mpini kama unamshika mtu mkono. Mimi nikaona mtoto amepata kitu, na mtu akipata kitu fundi lazima amrekebishie.

Ilikuwa wiki ya Idi. Nilikuwa nakata suruali za nusu ya watoto wa mtaa. Nikakuambia vua viatu, simama wima, tazama mbele, usipumue sana. Nikakupima kiunoni mpaka chini. Halafu nikafanya lile ambalo kila fundi wa watoto hapa kwetu anafanya bila kufikiri: nikaongeza vidole vinne vya kukulia. Suruali ya mtoto unaiachia upindo mrefu kwa ndani, kila Idi mama anafumua kidogo, mtoto anafika darasa la sita na suruali ileile. Ni kazi nzuri. Nimewavisha watu wengi hivyo.

Lakini chuma hakina upindo, Yusufu. Nikaweka chaki, nikachukua msumeno, nikakata. Nikarudisha ile raba ya kushikia kwa gundi ya viatu.

Ukaniuliza, "Mjomba, mbona bado ndefu?"

Nikasema, "Utaifikia."

Siku ya pili ukaniuliza nani kasema ni kipimo sahihi. Hapo ndipo ningesema mimi. Lakini ulikuwa na macho yale ya mtoto ambaye hajaamini kitu tangu afike, na mimi nilitaka uamini hata kimoja. Nikasema kuna mtaalamu. Macho yakafunguka. Nikaongeza miwani. Yakafunguka zaidi. Nikaongeza mbwa.

Halafu ukakataa kurefuka. Ulimfuata mama yako, dada yangu, na kwetu hawarefuki. Ukawa kijana, mabega yakaja, ndevu tatu zikaja, lakini vile vidole vinne hukuvimaliza. Nilikuwa naona. Macho ya fundi hayana likizo. Nilikuwa nikiona unavyosimama mbali na mpira, viwiko vimebanwa, kama mtu aliyevaa koti la marehemu. Nikajiambia kila mtu na mtindo wake.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniumiza.

Mwaka jana tulipotoka Bujumbura, yale mashindano ulipokuwa wa tatu na ungeweza kuwa wa kwanza. Mpira wa mwisho, hatua mbili tu kutoka shimoni. Ukaenda kushoto. Tulikuwa ndani ya gari, karibu na nyumbani. Ulikuwa unautazama mkono wako wa kulia, unaugeuza. Ukasema, "Mjomba, huu mkono una kasoro. Kila siku kushoto." Hapo ningeweza kusema kila kitu. Nikasema, "Ongeza mazoezi."

Ukaongeza. Uani kwetu, kwenye ule udongo ulioupiga maji na kuukanyaga mpaka ukawa laini kama sakafu, na mkebe wa maziwa umefukiwa kuwa shimo. Asubuhi na jioni. Ulitoka malengelenge ukayafunga kwa vipande vya kitambaa ulivyoviokota chini ya cherehani yangu. Nilikuwa nakuona unaviokota.

Wiki iliyopita, uliponionyesha ndani ya duka jinsi utakavyosimama mbele ya wale watu, mimi niliinama kana kwamba naokota kifungo. Nikatazama kichwa cha fimbo pale kinapokutana na saruji. Nyuma kimekaa chini, mbele kimeinuka. Nikasukuma kipande cha kitambaa nilichokikunja mara nne chini ya ile ncha, kikapita bila kugusa. Hujui kwa nini nilikaa pale chini muda mrefu. Ulisema, "Mjomba, mgongo?" Nikasema mgongo. Fimbo ikiinuka mbele hivyo, uso wake unatazama kushoto hata kama wewe unatazama mbele. Hata mtu aliyeishia darasa la tano analiona. Mkono wako hauna kasoro. Haujawahi kuwa na kasoro.

Siku ileile nilikwenda kwa Papa Bahati, nikamtupia swali kwa kuzunguka, kwamba hii habari ya kupimiwa fimbo na wataalamu ina maana au ni mbwembwe za matajiri.

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Saidi, fimbo iko fimbo. Mutu anayejua, hata na mufagio anaingiza. Mutu asiyejua, hata umupimie na daktari, ataangalia mupira unapita."

Nikamwambia, "Na wewe kiatu chako mbona unachagua namba?"

"Kiatu iko inaumiza. Fimbo inaumiza nani?"

Nikarudi dukani. Nilijua inaumiza nani.

Lakini sitaki ufikiri Papa Bahati ni mjinga, maana nusu ya maneno yake nayaamini, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Nimekaa na hili jambo siku saba. Nimelifikiria kifundi, maana ufundi ndio shule niliyoimaliza. Kuna mwalimu mmoja hapa mjini ambaye bega lake la kushoto liko chini. Maisha yake yote alivaa mashati yaliyokatwa sawasawa, kola inamvuta, akazoea kutembea ameinamisha shingo. Mimi nikamshonea la kwanza lililofuata bega lake. Lilimkaa kama ngozi. Akaja kesho yake ana hasira: "Fundi, hili shati si langu, nahisi nimeazima." Wiki mbili ndipo shingo ilinyooka. Sasa wewe una siku tatu. Miaka yote umeifundisha mikono yako kuisamehe fimbo mbovu. Unalenga kulia kidogo ili mpira uende kati, nimekuona. Ukipewa iliyo sawa, mikono itaendelea kusamehe kosa ambalo halipo, na mpira utakwenda kulia. Huenda ukashindwa kwa sababu ya kupimwa. Huenda ukashindwa kwa sababu ya kutopimwa. Nimegeuza kitambaa hiki pande zote mbili na pande zote mbili nimeona doa langu.

Mama Zaina aliniuliza jana, "Utamwambia lini?"

"Kesho."

"Kesho ni kufunga mizigo."

"Basi kesho kutwa."

"Kesho kutwa mtoto atakuwa Muyinga, Saidi, na wewe utakuwa hapa unawasimulia watu habari za chui."

Ndipo nikatafuta kalamu.

Nikueleze na ya bwana harusi wa Buraza, maana hujawahi kuisikia yote. Unajua kipande kile ninachopenda kusimulia, kwamba nilimkata suti kwa macho tu, bila futi, watu wakashangaa. Ni kweli nilimkata kwa macho. Alikuja na marafiki zake, duka limejaa, mmoja akasema mafundi wa siku hizi hawawezi kitu bila futi. Nikaivua futi shingoni nikaitupa. Nikamtazama yule kijana mara moja, nikakata. Siku ya harusi nilialikwa, nikakaa mbele. Alipotakiwa kumfunulia bibi harusi shela, mkono haukupanda. Kwapa zilikuwa zimembana. Alijaribu mara mbili, kisha akasimama tu, mikono chini, anatabasamu, na bibi harusi akajifunua mwenyewe. Watu wakacheka. Mimi nikamwambia jirani yangu kitambaa kilinyeshewa na mvua, kikanywea. Baadaye nikamwambia na yeye bwana harusi. Akaniamini. Mpaka leo akipita hapa ananisalimia kwa heshima, na anafikiri ni mvua.

Watu wananiona nasema uongo kwa sababu napenda kuchekesha. Hapana. Nasema kwa sababu naogopa ile dakika moja ambapo mtu anakutazama na kukuona ulivyo na urefu wako kamili. Nimewapima watu maisha yangu yote nisije nikapimwa mimi.

Basi hili ndilo ninaloliona. Nenda ukapimwe. Si kwa sababu fimbo mpya itakushindia. Sijui kama itakushindia. Nenda ili ujue lipi ni la fimbo na lipi ni lako. Umebeba la fimbo kwa miaka sita ukidhani ni la mkono. Hata yule mtu akikupima akasema, kijana, umekwisha kuizoea hii, iache mpaka majaribio yaishe, utakuwa umesikia kwa mtu anayejua, na utasimama juu ya mpira ule bila kuuchukia mkono wako. Hilo peke yake linatosha kuvuka nalo mpaka.

Itabidi uwaambie kwamba uliandika vibaya. Sema, "Mjomba wangu alinidanganya." Usilipambe, usiseme kulikuwa na kutoelewana. Liseme hivyohivyo. Mimi siko huko, halitaniua. Ukikaa nalo mpaka siku ya pili litakuwa lako, na nakujua, utaanza kulilinda kama nilivyolilinda mimi.

Na atakapokupima, nakuomba hili kama fundi. Watu wote wakiona futi wanaingiza tumbo. Wote. Imamu anaingiza, polisi anaingiza. Halafu wanakuja kulalamika kwamba suruali inabana. Usisimame mbele ya yule mtu kama unavyotaka kusimama. Usisimame wima kwa sababu mimi nilikuambia simama wima. Fikiria ule mpira wa Bujumbura, hatua mbili, watu wamenyamaza. Acha magoti yalegee kama yalivyolegea, acha mabega yashuke yanavyoshuka ukiwa na hofu. Huo ndio mwili wako utakaopiga mpira siku ile. Apime huo. Mimi nilimpima mtoto mtulivu wa Idi ambaye hajawahi kuwepo uwanjani.

Sasa la mwisho, na uitoe fimbo mfukoni uitazame unaposoma.

Leo mchana, ulipokwenda kuwaaga wenzako, niliitoa. Nilitaka kuirekebisha kimyakimya usijue kamwe. Nikasema nitakata vidole viwili, nitarudisha raba ya kushikia, kijana ataamka atasema ajabu, mikono imepona, na mimi nitakuwa na hadithi mpya. Nikavuta raba taratibu ikatoka. Nikaibana fimbo kwenye meza. Nikaweka alama ya chaki. Nikachukua msumeno.

Ukiisukuma ile raba ya kushikia chini kidogo, utaiona ile chaki. Nilisimama pale na msumeno mpaka Mama Zaina akaja akasimama mlangoni. Nikamuuliza, "Ni hapa?" Miaka ishirini na tano ya ndoa sijawahi kumuuliza mtu swali hilo. Akasema, "Mimi nitajuaje, Saidi?" Nikamwambia na mimi sijui. Nikarudisha raba bila kukata, bila gundi.

Kwa hiyo ile si alama ya kipimo. Usimruhusu mtu akate hapo kwa sababu yangu. Ipanguse kwa kidole, itatoka.

Ukishapimwa, nipigie. Nitakuwa dukani, nitawanyamazisha wote. Niambie tu nilikosea kwa vidole vingapi. Usipunguze ili kunifurahisha. Nimewapunguzia wateja namba za viuno maisha yangu yote, na sauti ya anayepunguza naijua hata kwenye simu.

Mfuko wenyewe nimeushona vizuri. Huo niliupima.

Mjomba wako,
Saidi